Kifua Kikuu cha Ng'ombe Hakijui Mpaka

Ng'ombe wa Tororo na wa Busia huvuka mpaka kwa mauzo, kwa mahari na kwa malisho. Maradhi huvuka nao.

Ng'ombe mwenye kifua kikuu aweza kukamuliwa miezi mingi akionekana mzima. Ndiyo maana daktari wa mifugo humdunga tuberkulini katika ngozi ya shingo, na baada ya saa 72 hupima kama ngozi imevimba. Machinjioni, mkaguzi hupasua tezi na mapafu akitafuta vivimbe vyenye usaha mzito.

Mfugaji huficha mnyama anayekonda na kukohoa kwa kuhofia hasara. Lakini ng'ombe mmoja aliyefichwa huambukiza zizi zima, na maziwa yake mabichi humletea mtoto uvimbe wa tezi za shingo au maradhi ya tumbo. Kuyagandisha hakutoshi, akina mama wayachemshe kwanza, ndipo wayagandishe.

Askari wa zamu anayezuia ng'ombe asiye na kibali, au nyama isiyo na muhuri, asidhani anasumbua raia. Maziwa ya mpakani hufika hata katika kikombe cha mwanawe.