Taa ya mezani katika chumba kimoja

Katika nyumba nyingi za kupanga hapa Chamazi, chumba kimoja ndicho cha kulala, cha kulia na cha kusomea. Baada ya swala ya Isha mtoto mchanga anahitaji giza, na kaka yake wa darasa la saba anahitaji mwanga. Globu ya darini haiwezi kuwaridhisha wote wawili, na anayeshindwa mara nyingi ni mwanafunzi.

Hapo ndipo inapofaa taa ndogo ya mezani yenye mkono wa kukunjika, mfano wa ile aliyoibuni mhandisi wa magari wa Uingereza, George Carwardine, mwaka 1932. Siku hizi zipo hata za kubana ukingoni mwa meza. Taa ya LED ya wati 5, ikiwashwa kwa muda wa saa 4 kila usiku, hula uniti 0.6 tu kwa mwezi. Iwekwe kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli kisiangukie daftari.

Yenye betri ni bora zaidi, kwani umeme ukikatika wengi hurejea kwenye mshumaa au koroboi, karibu kabisa na chandarua. Mtume (s.a.w.) alituagiza kuzima taa tunapolala, akieleza kuwa panya huweza kuburuta utambi na kuwaunguzia watu nyumba yao. Ikiwa fedha iliyopo inatosha kitu kimoja, basi pazia jipya la Idi na lisubiri.