Gari Kuukuu: Matairi Kwanza au Kunyanyua?

Tuna jambo ambalo huenda likaonekana si la ukurasa huu. Dada mmoja ametuuliza: mumewe amenunua pikapu kuukuu ya Toyota Hilux, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, kwa safari za shamba lao upande wa Witu. Fedha zilizosalia zatosha kazi moja tu. Mume ataka gari linyanyuliwe. Yeye ataka matairi mapya. Nani yuko sawa?

Jawabu letu ni kuwa dada yuko sawa, na sababu ya kwanza ni ya hesabu. Wengi hudhani gari likinyanyuliwa huwa limesalimika na visiki na mawe. Sivyo. Springi ndefu huinua bodi, lakini difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, hubaki palepale, kwani limeshikana na magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Chukua tairi iliyoandikwa 235/75R15: upana wake milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 75 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Ukitia 265/75R15, tairi huzidi kimo kwa milimita 45, na difu hupanda nusu ya hizo, milimita 22 na kitu. Ni kama upana wa kidole gumba. Kwa kidole hicho, saa ya mwendo husoma 80 na gari liko 85, breki huelemewa, na tairi huweza kusugua bodi usukani ukikatwa. Basi anzeni na kipimo alichokiweka mtengenezaji, ambacho aghalabu huandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kunyanyua nako kuna njia ya fundi hodari na njia ya rahisi. Ya rahisi ni kupachika vipande vya chuma baina ya springi na ekseli, wakati mwingine kimoja juu ya kingine. Gari husimama kwa fahari, lakini mipira ya breki huvutika, propela hukaa kombo, na uzito wote hupanda juu, hata kona iliyokuwa ya kawaida yaweza kulipindua. Na nani hukaa nyuma ya pikapu hizi? Ni watoto wa madrasa, ni jamaa waendao mazikoni, ni kina mama na vikapu vyao. Tena mwenye gari aliyenyanyua hatua ya mlango hakumuuliza bibi yake mwenye magoti mabovu, wala mja mzito aliyevaa buibui, atapandaje.

Tuje kwenye matairi. Yapo yenye meno makubwa yaliyoachana, ambayo vijana huyapenda kwa sura. Hayo ni ya matope, kama udongo mweusi wa bonde la Tana wakati wa masika. Katika mchanga huchimba shimo na kujizika, na juu ya lami huvuma na kushika vibaya mvua inaponyesha. Kwa familia inayopita lami, mchanga na udongo katika safari moja, tairi ya meno ya wastani yatosha. Mchangani dawa ni upepo: shusheni hadi karibu pauni 18 au 20, mwende polepole, kisha mjaze tena kabla ya kurudi lamini. Angalieni pia uwezo wa kubeba. Nambari 104 ubavuni ni kilo 900 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1120. Tairi ya gari dogo haifai kubeba nazi za shamba zima.

Kisha umri. Ubavuni mna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi hushauri tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5, na iondolewe ikifika 10 hata kama meno yake ni mazima, kwani mpira huzeeka kwa jua na chumvi.

Hapa wauzaji wa mitumba watuvumilie. Wako wanaochonga upya tairi kipara kwa kisu cha moto na kuipaka weusi ung'ae. Hiyo ni ghishi, sawa na yule aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya kavu sokoni Madina, naye Mtume (s.a.w.) akatia mkono na kuufichua unyevu. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwako kabla ya kuuziwa, fiqhi yampa khiyari ya kurudisha, ila asikawie wala asiendelee kuitumia baada ya kujua. Wallahu aalam.

Dada yetu amwambie mumewe kwa upole, na hesabu hii amwonyeshe. Wakinunua, wanunue tano za kipimo kimoja. Spea ndogo kuliko wenzake, ikifungwa nyuma na kupelekwa mbali, huitesa difu ile ile tuliyotaka kuihifadhi.