Kupima Ukakamavu wa Vijana: Saa Peke Yake Haitoshi

Maji yakupwapo Kiwengwa, mashariki ya kisiwa cha Unguja, ufuko huwa uwanja mpana wa mazoezi: chini mchanga mgumu, juu, karibu na minazi, mchanga mlaini. Mwalimu apimaye pumzi za wanafunzi kwa mbio za dakika 12, kipimo kilichoenezwa na Dakta Kenneth Cooper wa Marekani tangu mwaka 1968, hana budi kwanza kuamua wakimbie wapi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kukimbia katika mchanga mlaini hutumia nishati mara 1.6 hivi ya ile itumikayo mahali pagumu, kwani mguu usukumapo, mchanga nao husogea, na sehemu ya kazi ikapotea bure. Basi aliyepimwa maji yamekupwa na aliyepimwa maji yamejaa hawakupimwa kwa kipimo kimoja, hata kama saa ni ile ile.

Kosa hilo ni jepesi kusahihisha. Lililo zito ni la umri. Vijana wawili wa miaka 14 waweza kupishana kwa miaka kadhaa katika kupevuka. Yule aliyekwisha kubaleghe ana misuli mikubwa zaidi na damu yenye uwezo zaidi wa kuchukua oksijeni. Humshinda mwenzake bila ya kumzidi kipaji wala bidii. Mwalimu humteua huyo, na yule wa pili huambiwa hafai. Hukumu hiyo si ya kisayansi.

Nchi za theluji zina tatizo hilo hilo. Watafiti wa Austria wamekuta kwamba, miongoni mwa vijana wanaoteuliwa kwa mashindano ya kuteremka milima kwa skii, waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka huzidi sana waliozaliwa mwishoni. (Mchezo wenyewe hauko mbali nasi kama idhaniwavyo: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018.)

Kupima kusiachwe; kutumiwe kufundishia, si kuchujia. Mbio zifanywe asubuhi kabla ya jua kali, juu ya mchanga mgumu, na kila mmoja alinganishwe na alama zake mwenyewe za muhula uliopita. Na yule wa pili, ambaye sauti yake haijavunjika, aandikiwe kimo chake kila baada ya miezi mitatu ili ijulikane ni lini ameanza kurefuka kwa kasi. Hadi hapo aachwe katika timu, akimbie pamoja na wenzake.