Waya mmoja ukikosewa, faida ya kabichi huishia kwenye petroli

Mfanyabiashara wa Elerai anayeteremsha kabichi kutoka miteremko ya Mlima Meru kwenda soko la Kilombero anajua ushuru, ujira wa wapakiaji na bei ya jana. Muulize gari lake linakula lita ngapi kwa safari, atakisia. Hapo ndipo faida inapovujia.

Mimi mwenyewe nilifunzwa na gari langu. Taa ya injini iliwaka, moshi ukawa mweusi, petroli ikawa haikai. Fundi alipopima, tatizo lilikuwa sensa ya oksijeni. Kifaa hiki hufungwa kwenye bomba la ekzosi, nacho huiarifu kompyuta ya gari kama injini inapata mafuta mengi mno au machache. Bosch ya Ujerumani ilikiingiza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976. Leo kimo hata kwenye kirikuu.

Nilikimbilia sensa ya bei nafuu isiyo na plagi. Fundi akaunga waya kwa kufuata rangi, na taa ikawaka tena siku ile ile.

Kumbe rangi hutofautiana kwa kila kiwanda. Katika sensa nyingi za Denso zenye waya nne, nyeusi mbili ni za hita, buluu ni ya ishara na nyeupe ni ya ethi. Katika zile za Bosch za kuunga, nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni ya ishara na kijivu ni ya ethi. Ukiunga nyeusi kwa nyeusi, unaweza kupeleka volti 12 kwenye waya ambao kwa kawaida haufikishi hata volti 1.

Tupige hesabu. Gari likizidisha lita 2 kwa safari, kwa safari 5 za wiki, ni lita 520 kwa mwaka. Urahisi uko wapi?

Ushauri wangu: nunua sensa yenye plagi ya gari lako. Ikikosekana, fundi atumie plagi ya zamani, aunge kwa kufuata kazi ya kila waya, tena kwa viungio vya kubana. Asitie lehemu, kwani sensa nyingi hupata hewa ya nje kupitia ndani ya waya.

Kisha andika lita za kila safari kwenye daftari la mauzo. Petroli nayo ni mtaji.