Sitara Isiyo Sitara

Wako wasomaji, na baadhi yao ni walimu, wasemao kwamba riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Gravel Heart, iliyotolewa mwaka 2017, ni hadithi ya mwanamke aliyeivunja nyumba yake. Wengine humtwika mume lawama hiyo, wakimwita dhaifu. Hukumu zote mbili ni za haraka, na kosa lao ni moja: zatafuta hatia ndani ya nyumba, ilhali hatia yenyewe ilitoka nje.

Na tutazame mambo yalivyo. Salim, mtoto wa Unguja, ana umri wa miaka saba wakati baba yake, Masud, anapohama nyumba na kwenda kukaa katika chumba cha nyuma ya duka. Hakuna amwambiaye sababu. Saida, mama yake, humpelekea mumewe chakula kila siku, na baadaye kazi hiyo humwangukia mtoto. Hata akienda London kwa mjomba wake Amir, fumbo hilo humfuata. Miaka mingi hupita, na mama amekwisha kufa, ndipo baba anapomfumbulia: Amir alitiwa kizuizini, na Hakim, mtu mwenye nguvu serikalini, akamtaka Saida mwili wake uwe fidia ya uhuru wa ndugu yake.

Jina la kitabu limetoka katika tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure. Humo Isabella hutakwa jambo lile lile kwa ajili ya kaka yake, naye akakataa. Mwishowe mtawala wa mji, aliyejigeuza mtawa, akamfichua dhalimu mbele ya watu. Unguja ya Gurnah haina mtawala wa namna hiyo. Hakim hasimamishwi mbele ya mtu yeyote. Amir aliyekombolewa alipanda cheo akawa mwanadiplomasia. Aliyelipa ni dada yake, na baada yake mtoto.

Labda tutaambiwa kwamba sitara ni ada njema, na kwamba aibu ya mama haisimuliwi kwa mwana. Sikatai kuwa ni ada njema. Sitara humhifadhi mnyonge asifanywe kichekesho. Lakini yafaa tuulize: siri hii ilimsitiri nani? Saida hakupata raha. Masud alinyong'onyea miaka na miaka. Salim alikua akiamini kwamba baba yake hakumtaka. Waliosalimika ni Hakim na Amir. Basi hiyo haikuwa sitara ya aliyedhulumiwa, bali ngao ya aliyedhulumu, nasi tunaisifu kwa jina zuri lisilo lake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kilimchukua mama, na maradhi yakabaki kwa mwana.

Kadhalika hukosea wale wafundishao kwamba Salim alipoteza utoto wake siku alipoambiwa ukweli. Aliupoteza zamani, siku alipoanza kubeba chakula cha baba huku watu wazima wakiangalia pembeni. Ukweli haukumharibu, ulichelewa tu.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa katika mtihani nani mwenye hatia, asitosheke kumpima Saida na Masud. Na amtaje Hakim kwanza. Uhakiki unaomruka mwenye nguvu ili kuhukumu waliovunjwa naye huendeleza kazi yake, hata kama mwandishi wake hakukusudia.