Mwenda Pole na Motokaa

Wazee wetu husema, Mwenda pole hajikwai. Mithali hii ni ya kweli, nami siipingi. Lakini yafaa tukumbuke ilisemwa na watu gani. Ilisemwa na watu waliokwenda katika njia nyembamba, na adui zao njiani walikuwa jiwe na kisiki. Jiwe halimfuati mtu, wala kisiki hakiji mbio kutoka nyuma. Mtu akiangalia miguu yake, huvipita vyote viwili salama. Siku hizi barabarani yuko adui wa namna nyingine, aliye mzito kuliko kifaru na mwepesi kuliko swala. Basi mwenda pole hajikwai, lakini aweza kugongwa.

Fikirini habari za mtoto wa Mpale, katika Wilaya ya Korogwe. Mpale ni nchi ya milima, na mtoto wa huko hujua kupanda na kushuka tangu alipoanza kutembea. Msimwonee huruma kwa sababu huenda kwa miguu. Shirika la Afya la Ulimwengu husema ya kuwa mtoto wa miaka 5 hata 17 yampasa kuutumikisha mwili wake kwa bidii muda wa dakika 60 kila siku. Aendaye shule kwa miguu au kwa baisikeli huanza kuilipa kazi hiyo kabla ya kengele ya asubuhi kulia. Moyo wake hupata nguvu, na akili yake huamka. Kutembea si umaskini, bali ni mali.

Lakini mtoto huyo akishuka bondeni hata Korogwe, hukuta barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na njia nyingine iendayo Handeni. Hapo hupita mabasi na malori mchana na usiku. Hata milimani hufika pikipiki za abiria, nazo huzunguka kona ambazo mbele yake hapaonekani kitu. Mali yake sasa ina mwizi.

Mwizi huyo ni mkubwa. Hesabu ya Shirika la Afya la Ulimwengu ya mwaka 2021 ilionyesha ya kuwa watu kama 1,190,000 walikufa barabarani duniani katika mwaka mmoja. Zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapandao baisikeli na wapandao pikipiki. Tena kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29, hakuna ugonjwa wala vita iliyowaua wengi kuliko barabara.

Mtoto akigongwa, watu husema nini? Husema, "Mtoto huyu hakuangalia." Labda ni kweli. Lakini mimi naona ya kuwa neno hilo ni nusu ya kweli, na nusu iliyosalia huwahusu wakubwa. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Mtoto ni mfupi. Majani marefu ya kando humficha, na lori lililosimama humziba macho. Kupima mwendo wa kitu kijacho mbio ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima. Je, ni haki kumtwika mtoto wa miaka minane mzigo huo peke yake?

Dar es Salaam wako watu walioiona nusu ya pili. Shirika liitwalo Amend lilikwenda katika shule zilizo karibu na barabara zenye hatari, likawauliza watoto wenyewe wapita wapi na waogopa wapi. Kisha lilitengeneza mambo madogo yasiyo na gharama kubwa: njia ya kando ya waendao kwa miguu, matuta ya kupunguza mwendo, vivuko vyenye milia, nguzo fupi za kuzuia motokaa zisipande kando. Mahali pengine lango la shule lilihamishwa kutoka barabara kubwa likafunguliwa upande wa njia ya utulivu. Watoto pia walifundishwa kuvuka. Uchunguzi ulionyesha ya kuwa majeruhi wa shule hizo walipungua kwa kiasi cha robo hivi, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya dunia, iitwayo Ross, ya mambo yanayofaa miji.

Wako watakaosema, "Matuta huchelewesha safari, na biashara haingoji." Haya, tufanye hesabu pamoja. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa humaliza nusu kilomita kwa sekunde 36. Ikienda kilomita 30 kwa saa, huimaliza kwa sekunde 60. Tofauti ni sekunde 24. Hiyo ndiyo bei ya kupita polepole mbele ya shule. Dereva asiyeweza kuilipa anaithamini safari yake kuliko mtoto wa mwenzake.

Basi ninyi msomao mtafanya nini? Kwanza, fanyeni sehemu yenu. Katika Tanzania vyombo hupita kushoto. Kwa hiyo uendaye kwa miguu, pasipo na njia ya kando, pita kulia, ili motokaa ije mbele ya macho yako, si mgongoni mwako. Uendeshaye baisikeli, pita kushoto. Jaribu breki zako kabla ya kushuka mlima, wala usipakie mzigo kupita nguvu zake. Usiku vaa nguo nyeupe au chukua taa. Wakubwa wawashike wadogo mkono. Uingereza watoto wengine hukusanyika na kwenda shule kwa mstari, mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma. Jambo hilo laweza kufanyika katika kijiji chochote bila senti moja.

Pili, chukueni karatasi, mchore njia yenu kutoka nyumbani hata shuleni, mkatie alama kila mahali penye hatari: kona, daraja lisilo na ukingo, mahali pa kuvukia. Mpelekeeni mwalimu wenu ramani hiyo. Ninyi hamjatimiza miaka 18, kwa hiyo hamna sauti katika mkutano mkuu wa kijiji. Lakini baba zenu na mama zenu wanayo, na ramani yenu itasema. Kijiji chaweza kufyeka majani ya kando kwa siku moja. Matuta na vivuko vya njia za wilaya na vijiji vyapasa kuombwa kwa TARURA, na vya barabara kuu kwa TANROADS.

Mwenda pole na aendelee kwenda pole. Lakini tangu sasa na motokaa nayo ifundishwe mithali ile.