Mikataba ya Mji Isomwe na Wenye Mji

Tarehe 15 Mei, 2017, Rais John Magufuli alitia sahihi amri ya kuivunja Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na kazi zake zikakabidhiwa Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma. Tarehe 26 Aprili mwaka uliofuata, manispaa hiyo ikatangazwa kuwa jiji. Kwa wakazi wa Dodoma jambo hilo halikuwa la kubadili vibao vya ofisi tu. Ardhi, ambayo ndiyo mali kubwa ya mji huo, ilitoka mikononi mwa chombo cha kuteuliwa ikaingia mikononi mwa baraza la kuchaguliwa.

Yafaa asili ya hali ile ikumbukwe. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na CDA ikaundwa ili kuujenga mji huo. Mabaraza ya miji yaliporudishwa mwaka 1978, yule aliyechaguliwa na wananchi wa Dodoma aliikuta ardhi imekwisha kupata msimamizi wake. Kwa karibu miaka 40 mji ukawa na wakubwa wawili: mmoja akigawa viwanja, mwingine akizoa taka na kusikiliza malalamiko juu ya maamuzi ambayo hakuyafanya. Wahenga walikwisha sema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mkazi aliyepewa kiwanja kwa miaka 33, hali wenzake wa miji mingine wamemilikishwa kwa miaka 99, alimwendea diwani wake, na diwani hakuwa na uwezo wa kumsaidia.

Haitakuwa haki kudai kwamba wataalamu wa CDA hawakufanya kazi. Kasoro haikuwa utaalamu wao. Kasoro ilikuwa kwamba mwananchi aliyeguswa na uamuzi hakuwa na mahali pa kumwuliza aliyeuamua. Kasoro hiyo haiondoki kwa sababu tu madaraka yamehamia kwa baraza. Baraza nalo laweza kuamua mambo makubwa pasipo wananchi, na pengine pasipo madiwani wenyewe, kuelewa kilichoamuliwa.

Sheria imefanya sehemu yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 imegawa kazi ili mtu mmoja asiwe na kauli ya mwanzo na ya mwisho. Idara yenye mahitaji hueleza inachotaka. Kitengo cha ununuzi huandaa zabuni. Kamati ya tathmini hupima maombi. Bodi ya zabuni huidhinisha. Na Mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli, hubeba dhamana ya yote. Tangu mwaka 2023 zabuni hupitishwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Diwani hakai katika bodi ya zabuni, na ni vizuri hivyo, maana asimamiaye kazi hapaswi kuwa ndiye aliyemchagua mkandarasi. Wajibu wake ni kupitisha bajeti, kisha kudai hesabu.

Lakini atadai hesabu gani ya mkataba asioweza kuusoma? Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Sheria humtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Wananchi humchagua kwa Kiswahili, na baraza huzungumza Kiswahili. Hata hivyo, nyaraka nyingi za zabuni na mikataba ya ujenzi huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria na wahandisi. Vifungu vya nyongeza ya bei, nyongeza ya muda na fidia ya kuchelewa, ambamo fedha za mji huweza kuvuja kwa utulivu, humfikia diwani kama maelezo ya mdomo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomeka kwa mwenye mali halina tofauti kubwa na lisilokuwapo.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hukumu yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hakuna sababu mkataba wa mfereji, soko au kituo cha mabasi ushindikane. Pale ambapo mkataba wenyewe hauna budi kuwa wa Kiingereza, muhtasari wake wa Kiswahili uambatanishwe: jina la mkandarasi, kazi, bei, tarehe ya kumaliza, na adhabu ya kuchelewa. Muhtasari huo uwafikie madiwani siku kadhaa kabla ya kikao, wala si asubuhi ya kikao, na ubandikwe katika ofisi za kata na mitaa.

Walimu wanaelewa jambo hili kwa vitendo. Mwaka huo huo wa 2021, madarasa 15,000 yalipojengwa nchini kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kila darasa likitengewa Sh. milioni 20, shule ziliunda kamati za ununuzi, mapokezi na ujenzi. Mwalimu aliyehesabu mifuko ya saruji na kulinganisha na hati ya mapokezi hakuhitaji kuwa mhandisi. Alihitaji karatasi anayoielewa, na ujasiri wa kukataa kutia sahihi mzigo usiofika. Hicho hicho ndicho diwani anachohitaji mbele ya mkataba wa mabilioni.

Watumishi wa halmashauri, kwa hiyo, wasione kuandika muhtasari wa Kiswahili kuwa ni mzigo ulioongezwa juu ya kazi yao. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Katiba, katika ibara ya 146, inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Dodoma madaraka hayo yalifika mlangoni mwaka 2017. Yaliyobaki ni kuyafungulia mlango, katika jiji hilo na katika kila mji wenye baraza, kwa lugha ambayo mwenye nyumba anaielewa.